Gari Lako, Macho Yetu

Machi ya mwaka juzi, yapata saa mbili na nusu usiku, nilikuwa nikirudi Binza kutoka Bariadi mjini. Mvua kubwa ilikuwa imekwisha, yamebaki manyunyu. Gari langu lilikuwa na glopu mpya za taa za mbele. Zile za zamani zenye mwanga wa umanjano, ambazo gari lilikuja nazo kutoka Japani, nilikuwa nimezing'oa miezi miwili kabla na kufunga nyeupe zenye kuelekea buluu, zile ambazo wauza spea huziita "elfu nane". Sitasema uongo: nilizipenda. Gari langu lina umri sawa na baadhi ya wanafunzi wangu, lakini likiwashwa usiku lilionekana kama limeshuka melini jana.

Katika mteremko mmoja, lami ikiwa imelowa na kung'aa kama mgongo wa kambare, niliona kitu cheusi mbele yangu ambacho sekunde moja kabla hakikuwepo. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliserereka, likakaa kama hatua nne nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe uliobeba kuni na madumu ya maji. Mzee mmoja alishuka taratibu, akaja mpaka dirishani kwangu. Nilimwamkia. Aliitikia, akaziangalia taa zangu, akaniangalia mimi, kisha akasema: "Ng'wanawane, taa zako nimeziona tangu ukiwa kule kilimani. Wewe hukuniona mimi?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi yake nilirudi kwa fundi na kumwomba glopu zangu za zamani. Alikuwa amekwisha kuziuza. Ninayoyaandika leo ni jibu nililopaswa kumpa yule mzee usiku ule. Nimechelewa nalo, na nikilitafuta nimegundua kwamba halinihusu mimi peke yangu. Linaihusu serikali, linamhusu mtumishi wa umma anayesoma hapa akiwa na funguo za gari la ofisi mfukoni, na linamhusu kila anayeamini kwamba rangi ya taa za gari lake ni jambo la hiari yake kama rangi ya shati.

Nianze na udanganyifu wenyewe. Nilipokwenda dukani, kijana muuzaji alinionyesha glopu za aina mbalimbali zilizopangwa kwa namba: elfu tatu, elfu nne na mia tatu, elfu sita, elfu nane, elfu kumi. "Mwalimu, kadiri namba inavyopanda ndivyo taa inavyokuwa kali," aliniambia, na ninaamini hakuwa na nia mbaya, kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Namba ile inaitwa kelvini, na haipimi ukali wa mwanga hata kidogo. Inapima rangi. Mhunzi anayefua jembe anaielewa bila kwenda shule: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha machungwa, kikizidi tena hukaribia weupe. Kelvini ni kipimo cha joto hilo, na wanasayansi wamekitumia kutaja rangi ya mwanga. Glopu ya kawaida ya halojeni hutoa mwanga wa takribani kelvini 3,200, ndiyo maana una umanjano. Taa za zenoni zilizokuja na magari ya kifahari, kuanzia BMW mwaka 1991, zilikaa karibu na 4,300. Ukifika 6,000 una weupe wa mchana, na ukifika 8,000 una buluu.

Sasa tazama mzaha uliomo ndani yake. Uzi wa glopu ya halojeni umetengenezwa kwa madini ya tungsteni, na tungsteni huyeyuka ikifika karibu kelvini 3,700. Hakuna uzi duniani unaoweza kuwaka kwa kelvini 8,000. Ungekwisha kuwa tone la maji ya moto zamani. Hata uso wa jua haufiki 6,000. Basi ile buluu inatoka wapi? Inatoka kwenye rangi. Kioo cha glopu kinapakwa utando wa buluu unaozuia sehemu ya mwanga mwekundu na wa manjano usitoke. Yaani nilinunua uzi ule ule niliokuwa nao, ukafunikwa pazia, nikatozwa karibu mara tatu ya bei. Nililipia kiza nikakiita mtindo. Ndiyo maana mzee aliniona kutoka kilimani na mimi sikumwona mkokoteni ulipokuwa mbele ya bampa: taa zile zilitengenezwa ili zionekane, na kazi ya kuonyesha njia ilikuwa imepunguzwa ili zionekane vizuri zaidi.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni ya halojeni, na kwamba siku hizi watu wamehamia taa za LED, ambazo kweli zina mwanga mwingi. Ni kweli, na hapo ndipo tunapotoka kwenye ujinga wa kujidhuru mwenyewe na kuingia kwenye dhuluma. LED nyeupe, hata ile inayotumika kuangaza chumba chako, moyoni mwake ni ya buluu: kijipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kikafunikwa unga wa manjano unaougeuza sehemu ya mwanga huo, na macho yetu yakauona mchanganyiko kuwa weupe. Unga ukiwa mwembamba, buluu inazidi. Ni teknolojia nzuri mno, na walioivumbua LED ya buluu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa haki kabisa. Tatizo linaanza pale kijipande kile kinapochomekwa mahali ambapo hakikutengenezewa.

Taa ya mbele ya gari ni chombo cha vipimo. Bakuli linaloakisi mwanga lilichorwa na mhandisi kwa kudhani kwamba chanzo cha mwanga ni uzi mwembamba uliokaa mahali fulani, na kosa la milimita moja linatosha kuharibu hesabu yote. Glopu ya H4, ambayo iko kwenye magari mengi tunayoyaendesha huku Simiyu, ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokata mwanga usipande juu. Kikombe kile kipo pale kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule anayekuja upande wa pili. Kwa vipimo vya kimataifa, H4 hutoa takribani lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Boksi la LED nililoonyeshwa dukani lilijigamba kuwa na lumeni 20,000. Siamini hata robo ya namba hiyo, lakini hata ingekuwa robo, fikiria mwanga wa kiasi hicho ukirushwa ndani ya bakuli lisiloutambua, ukatawanyika juu, kulia na kushoto, bila ukingo, bila adabu. Dereva akiwa nyuma ya usukani anaona miti yote imeangaza na anafurahi. Miti haivuki barabara.

Niwe mwaminifu katika hoja, kwa sababu upande wangu nao una hadithi zake. Madereva wa umri wangu wanapenda kusema kwamba taa ya manjano inapenya ukungu na vumbi. Matone ya ukungu na chembe za vumbi ni kubwa mno kiasi kwamba hutawanya rangi zote karibu sawa. Manjano haipenyi chochote zaidi. Kinachosaidia kwenye vumbi la Kiangazi, lile la kwenda Meatu mwezi wa nane, ni taa iliyofungwa chini na kuelekezwa chini. Rangi ina sehemu yake katika macho ya mtu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa kiasi kile kile cha mwanga, mng'ao wenye buluu zaidi unaudhi macho kuliko wenye manjano. Na umri una sehemu yake: jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi kwenye retina takribani theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, na likiwa na mtoto wa jicho, kila taa inayokuja hulipuka na kujaza kioo kizima. Kijana anayefunga LED anapimia kwa macho yake. Anayelipa ni baba yake.

Hesabu ni fupi. Basi na lori haviruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepigwa na mwanga machoni akihitaji sekunde nne ili macho yarudi, amekwenda mita 89 akiwa kipofu. Urefu wa uwanja wa mpira haufiki mbali zaidi ya hapo. Ndani ya mita hizo 89, katika barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kupita Maswa na Bariadi hadi Lamadi, kuna nini? Wote tunaijua. Kuna baiskeli isiyo na taa iliyobeba gunia. Kuna wanawake watatu wanaotoka mnadani wakitembea pembeni, wakiwa wamebeba vitu kichwani, wamegeuza migongo yao kwa magari. Kuna ng'ombe waliochelewa kurudi zizini. Msimu wa pamba kuna mikokoteni na matrekta yanayosubiri kwenye maghala ya ushirika hadi usiku. Hakuna njia ya waendao kwa miguu, hakuna nguzo ya taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao hawana taa za kuchagua rangi.

Sasa nije kwenye siasa, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Nchi yetu haipuuzi rangi za taa. Mara kadhaa polisi wa usalama barabarani wametangaza operesheni za kuwaondolea wenye magari binafsi vimulimuli na ving'ora, na wengi tuliwapongeza. Kimulimuli cha buluu au chekundu kwenye gari la mtu binafsi ni kosa kwa sababu kinaiga alama ya dola: kinawafanya wengine wampishe mtu asiyestahili kupishwa. Ni sawa. Lakini angalia mpangilio wa vipaumbele vyetu. Rangi ya taa inapogusa heshima ya mamlaka, tunakuwa na operesheni, vitisho na magari yanavuliwa taa barabarani mchana kweupe. Rangi na ukali wa taa unapomnyang'anya mwananchi macho, tunakuwa na ushauri nasaha. Askari huyo huyo anayesimamisha gari kwa kimulimuli kilichozimwa anaipungia mkono Noah ambayo taa zake za mbele zinaonekana kutoka kata ya jirani. Dola imejilinda yenyewe kwanza, na mtembea kwa miguu akaambiwa asubiri.

Na nani alianza mtindo huu? Si kijana wa bodaboda. Kabla LED za bei nafuu hazijafika kwenye maduka ya Bariadi, tuliziona taa za nyongeza juu ya bampa za magari makubwa meupe yanayokuja vijijini kukagua miradi. Yalipita na taa zote zimewaka, hata pale ambapo mwenzao aliyekuja mbele alipunguza mara mbili kuwaomba nao wapunguze. Kwa mtoto wa Binza aliyesimama kando ya barabara akifunika macho kwa kiganja, somo lilikuwa wazi: mkubwa hapunguzi taa. Tusishangae mtoto huyo alipokua na kununua pikipiki, kitu cha kwanza alichofunga kilikuwa taa ya kuwafanya wengine wafunike macho. Ndugu zangu watumishi wa umma, hili ni lenu. Kabla ya kuandika waraka wowote kuhusu bodaboda, tokeni nje mkaziangalie bampa za magari mliyoegesha.

Hoja ya bodaboda, hata hivyo, ni nzito kuliko zote, na wasomi tunaipita haraka. Nilizungumza na mmoja stendi ya Bariadi. "Mwalimu, wewe unapita lami," aliniambia. "Mimi saa nane za usiku napigiwa simu, kuna mama anaumwa uchungu, napita njia ya ng'ombe kwenye mbuga. Taa ya pikipiki ilivyokuja haimulikii hata shimo. Nikifunga hii ya LED naliona. Wewe ungefanyaje?" Anayeujua udongo mweusi wa mbuga anajua kwamba unameza mwanga, si kama luseni, mchanga mweupe unaokurudishia kila ulichoumulikia. Kijana yule anahitaji mwanga, na barabara aliyonyimwa ndiyo iliyomfanya aununue. Siwezi kumwita mkosaji. Nilichomwomba ni vitu viwili: aielekeze taa ile chini, na aifungie swichi yake pekee ili aizime anapoingia lami. Alinijibu kwamba swichi ilikuwepo, fundi akaunganisha nyaya moja kwa moja ili kuokoa muda. Kwa hiyo kinachotenganisha msaada na hatari, katika habari hii nzima, wakati mwingine ni swichi na dakika kumi za fundi.

Mwanafunzi wangu mmoja, hodari na mbishi, alinipa hoja ya pili darasani. Alisema Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Gari ni mali. Taa ni sehemu ya gari. Je, mwalimu anataka serikali iingie mpaka ndani ya glopu? Nilifurahia ubishi ule, maana wengi siku hizi hunakili tu. Lakini aliisoma Katiba kama watu wanavyosoma boksi la LED, akaishia kwenye namba inayompendeza. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na Ibara ya 30 inasema haki na uhuru wetu havitatumiwa kwa namna inayoingilia haki na uhuru wa wengine au maslahi ya umma. Zaidi ya hayo, mwanga ni mali ya ajabu. Kiti cha gari ni chako na unakikalia wewe. Redio, nikifunga vioo, siisikii. Mwanga wa mbele ndiyo sehemu pekee ya gari iliyotengenezwa kwa makusudi ili itoke nje ya gari lako na kuingia mahali ambapo si pako, na mahali inapoingia ni ndani ya jicho langu. Huwezi kudai umiliki wa kitu hicho hadi mwisho wa safari yake.

Wengine walilitambua hilo mapema. Ufaransa, kuanzia mwaka 1936, iliamua kwamba magari yake yatumie taa za manjano, kwa kuamini kwamba zinapunguza mng'ao kwa anayekuja mbele, na ikaishikilia sheria hiyo hadi mwaka 1993 sheria za Ulaya zilipounganishwa. Wanaokumbuka Peugeot za zamani wanaukumbuka mwanga ule wa rangi ya asali. Wanasayansi wamebishana tangu wakati huo kama faida ilikuwa kubwa kiasi kilichodhaniwa, na mimi siombi tuifuate Ufaransa. Ninachokiona pale ni swali walilouliza. Walipochagua rangi, walimuuliza mtu wa upande wa pili. Ujerumani nayo ilipoanza kuruhusu glopu za LED kwenye taa za halojeni mwaka 2020, iliruhusu aina zilizopimwa tu, kwa aina ya gari iliyotajwa kwa jina. Uingereza mwaka 2024 serikali iliagiza utafiti kuhusu mng'ao baada ya madereva kulalamika kwa muda mrefu. Hizo ni nchi zenye barabara zilizochorwa mistari na zenye vibao vinavyoakisi mwanga. Sisi tusio na hivyo ndio tulioliacha jambo hili mikononi mwa soko.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Gari la kwanza kuuzwa na taa za mbele za LED lilitoka mwaka 2007. Sidai kwamba sheria ya zamani haina meno. Dereva anayewaka fulu mbele ya mwenzake anavunja utaratibu uliofundishwa tangu chuo cha udereva. Ninachodai ni kwamba kati ya sheria na barabara kuna duka la spea, na dukani hakuna mtu. Shirika la Viwango hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Ni jambo jema, lakini gari linakaguliwa likiwa na taa za kiwandani, kisha linafika kwetu na wiki ya pili limebadilishwa. Glopu yenyewe inapaswa kukaguliwa kabla haijafika rafuni, na boksi linalodai lumeni 20,000 lishitakiwe kama anavyoshitakiwa muuza mbolea feki. Mkulima wa pamba akiuziwa dawa isiyoua wadudu, tunapiga kelele bungeni. Dereva akiuziwa pazia la buluu kwa jina la mwanga, tunasema ni mambo ya vijana.

Na ukaguzi wa magari yaliyo barabarani uwe ukaguzi. Kwa miaka mingi nimebandikiwa stika kwenye kioo bila mtu yeyote kuniomba niwashe taa. Kupima taa hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji sehemu tambarare, ukuta, chaki na futi ya fundi seremala. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, pima kimo cha taa kutoka ardhini, chora mstari kwa kimo hicho ukutani, kisha mwingine sentimeta 10 chini yake. Dimu ikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Basi. Mkosee kwa nyuzi moja tu kwenda juu na kwa umbali wa mita 50 mwanga umepanda kwa karibu sentimeta 90, yaani umetoka magotini ukafika kifuani na unaelekea machoni. Kumbuka pia michomoko yetu inayopakia watu tisa na magunia nyuma: mkia unazama, pua inapanda, na hata taa halali ya kiwandani inageuka kuwa ya kumulika nyota.

Kwa anayeniuliza, kama wanafunzi wanavyoniuliza korido, "sasa nifunge rangi gani?", jibu langu halina mvuto. Kama bakuli la taa yako ni la halojeni, funga halojeni isiyopakwa rangi. Kabla ya hapo osha na ung'arishe kioo cha taa. Plastiki iliyopauka kwa jua inakula mwanga kuliko unavyodhani. Kisha mwambie fundi apime umeme unaofika kwenye glopu, kwa sababu voliti ikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni unapungua kwa karibu asilimia 30. Wengi wanaolalamika kwamba taa za Japani ni hafifu wana waya wa ardhi wenye kutu. Ukitaka mtindo, paka gari rangi, funga rimu, weka viti vya ngozi. Nitausifu uzuri wake nikiwa nimesimama kando ya barabara huku macho yangu yako wazi.

Haya yana haraka kuliko yalivyokuwa zamani. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri saa 24, baada ya marufuku ya usiku iliyodumu takribani miongo mitatu. Niliunga mkono, na bado ninaunga mkono, uchumi haulali. Lakini serikali iliyoufungua usiku imewajibika kwa yaliyomo usikuni. Watu hamsini ndani ya basi sasa wanategemea kwamba kila mtu anayekuja mbele ya dereva wao, kutoka Lamadi hadi Mwigumbi, amechagua taa kwa kuwafikiria wao. Nani amemwambia afanye hivyo?

Desemba iliyopita nilichora ile mistari miwili ya chaki kwenye ukuta wa nyumba ya baba, Binza. Gari langu ndilo lililotangulia, na taa ya kushoto ilikuwa juu kwa sentimeta saba. Aibu yangu niliimeza mbele za watu. Jioni ile walikuja majirani wengine watatu. Wawili walikuwa sawa. Wa tatu, mwenye Noah, aliwasha taa na mwanga ukauruka mstari wa chini, ukauruka wa juu, ukapita dirisha na kuishia kwenye bati. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama kuna bisibisi.